Chombo Kilichoundwa na Mtumbwi Uliochongwa: Tamathali za Semi Zinapofika Nyasa

Katika vitabu vingi vya fasihi vinavyotumika katika shule za sekondari nchini Tanzania, tamathali za semi hupangwa kwa orodha: kila moja hupewa jina lake, maana fupi na sentensi moja ya mfano, kisha mwanafunzi hutakiwa kuichomoa kutoka katika shairi au tamthiliya na kuitaja mbele ya mtahini. Utaratibu huo una faida, kwa kuwa hakuna taaluma inayoweza kwenda bila istilahi, lakini humfanya msomaji aamini kwamba tamathali imo ndani ya sentensi kama kokwa ndani ya tunda, ilhali sehemu yake kubwa imo katika yale ambayo msemaji na msikilizaji wanayajua pamoja kabla sentensi haijatamkwa, na katika maafikiano yao ya kimya kuhusu kiasi ambacho maneno hayo yachukuliwe kwa uzito wake. Kasoro hiyo ndiyo hoja ya mhadhara huu.

Eneo lililochaguliwa kuipima hoja hiyo ni upande wa magharibi wa mkoa wa Ruvuma, yaani milima ya Umatengo wilayani Mbinga, kata ya Ruanda yenye machimbo ya makaa ya mawe, na mwambao wa Ziwa Nyasa unaopita Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay, pamoja na Songea iliyo jirani. Kiswahili hakikuzaliwa huko. Kilifika kwa misafara ya biashara iliyotoka Kilwa, kikaimarishwa na utawala wa Wajerumani na wamisionari Wabenediktini waliofungua kituo chao Peramiho mwaka 1898, na kikakuta watu wanaosema Kimatengo, Kingoni, Kimanda na Kinyasa, huku upande wa ziwani misheni ya Kianglikana yenye makao yake kisiwani Likoma ikisalisha kwa Kinyanja. Lugha inapohamia mahali papya, majina ya vitu na vitenzi vya kila siku hupata wenyeji upesi, lakini tamathali huchelewa, kwa sababu mandhari iliyozizaa haikuhama pamoja nazo.

Kabla ya kuingia huko inafaa istilahi chache ziwekwe sawa. Tashbihi ni mfananisho unaotangazwa waziwazi kwa maneno kama "kama", "mithili ya" au "mfano wa", na sitiari ni mfananisho uliofichwa, ambamo kitu hakisemwi kuwa kama kingine bali husemwa kuwa ndicho. Aristotle, aliyeandika juu ya balagha, yaani sanaa ya kusema kwa kushawishi, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliona kwamba tofauti kati ya hizo mbili ni ndogo, kwa maana tashbihi kwake ilikuwa sitiari iliyoongezewa neno. Wanazuoni wa Kiarabu, ambao Kiswahili kimechukua kwao karibu istilahi zote za fani hii, walikwenda mbali zaidi, na aliyezama kuliko wengi ni Abdul-Qahir al-Jurjani wa karne ya 11, aliyeshikilia kwamba uzuri wa usemi hauko katika neno moja moja bali katika mpangilio wa maana, na kwamba sitiari, ambayo kwa asili ya jina lake ni jambo la kuazima, haiwezi kupimwa mpaka ijulikane ni nini hasa kilichoazimwa. Swali hilo la al-Jurjani ndilo linalopotea katika orodha za shule, na ndilo litakalorudiwa hapa.

Methali isemayo "Ukiona vyaelea, vimeundwa" ni mfano mzuri wa kuanzia. Jina la vitu vinavyoelea halikutajwa kabisa; kiambishi cha ngeli peke yake kinatosha kumjulisha msikilizaji wa pwani kwamba vinavyozungumzwa ni vyombo vya baharini. Kitenzi "kuunda" nacho kina uzito wa karakana: fundi wa jahazi hulaza mkuku, akasimamisha mataruma, akapigilia mbao moja baada ya nyingine na kuziba nafasi zilizobaki kwa kalafati, hivi kwamba chombo kinachoonekana kimoja majini ni jumla ya vipande vingi na mikono mingi. Mtu wa Lamu au Kilwa anapoambiwa methali hiyo haambiwi tu kwamba vitu vizuri hutokana na kazi, jambo ambalo halihitaji methali. Anaambiwa kwamba umoja unaoonekana ni kazi ya kuunganisha, na kwamba aliyeuona ukielea hakuyaona maungio.

Methali hiyo hiyo ikisemwa Liuli au Mbamba Bay hukutana na chombo cha aina nyingine. Mtumbwi wa Nyasa hauundwi, huchongwa. Gogo moja huangushwa, likatengenezwa umbo kwa shoka, kisha likakombwa ndani kwa tezo kupitia mdomo mwembamba, na ustadi wote wa fundi uko katika kujua ni wapi pa kuacha kukomba, kwa kuwa ubavu ukipita kiasi kwa wembamba gogo zima limeharibika na hakuna ubao wa kubadilisha. Kwa mvuvi wa usipa, basi, kitu kinachoelea si vipande vilivyounganishwa bali ni kitu kizima kilichopunguzwa, na methali kutoka pwani inamfikia ikiwa imeacha njiani nusu ya mzigo wake. Anaielewa, bila shaka, lakini anaielewa kwa maana yake ya jumla. Mwalimu wa mwambao huo anayetaka kuirudisha nusu iliyopotea angefanya vizuri kuziacha picha za majahazi na kuwatajia wanafunzi meli za chuma zilizounganishwa bandarini Itungi, Kyela, ambazo huonekana ziwani na ambazo, kwa maana kamili ya neno hilo, zimeundwa.

Milimani jambo linakwenda mbali zaidi. Mkulima wa kahawa wa Umatengo ambaye hajapata kupanda jahazi wala mtumbwi huitumia methali hiyo bila kusita, kwa kuwa ameipokea ikiwa imekwisha kuganda, kama watu wengi wanavyosema "Haba na haba hujaza kibaba" pasipo kuwahi kukishika kibaba mkononi, maadamu nafaka sasa hupimwa kwa sado, debe na kilo. Wataalamu huita hali hiyo sitiari mfu, yaani usemi ambao picha yake imezimika na maana yake imebaki. Jina hilo lina chumvi kidogo, kwa kuwa usemi wa namna hiyo unaweza kufufuka wakati wowote mtu akiiona picha upya, na mahali pengine hufufuka ukiwa na sura ambayo mwenye methali hakuitarajia.

Kisa cha shimo kinadhihirisha hilo. Kiswahili cha pwani kina methali isemayo "Mchimba kisima huingia mwenyewe", na kina msemo wa kumchimbia mtu shimo, yaani kumwandalia hila. Katika yote mawili shimo ni mtego, na mchimbaji ni mtu wa nia mbaya. Sasa msemo huo uletwe Umatengo, kwenye miteremko mikali ambako watu wamelima kwa vizazi vingi kwa mashimo yaitwayo ngolo. Majani hukatwa na kulazwa chini kwa mistari inayokatizana mpaka mteremko mzima ugawanyike katika miraba, halafu udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kutupwa juu ya majani, hata kila mraba uwe shimo lililozungukwa na matuta manne. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu unaofuata ni wa mahindi. Mvua ikinyesha, maji hutuama mashimoni badala ya kuporomoka na udongo, na majani yaliyofunikwa huoza taratibu na kuirutubisha ardhi. Watafiti wameeleza kwamba kwa desturi wanaume hukata na kuyalaza majani, na wanawake huchimba. Kwa hiyo mahali hapo mwenye kuchimba mashimo mengi si mwovu; ni mama mwenye bidii, na mteremko usio na mashimo ndio wenye hatari.

Haina maana kwamba Mmatengo anayesikia habari ya kuchimbiwa shimo hudhani amefanyiwa wema. Anajua, kama Mswahili yeyote, kwamba msemo huo unadai shimo la aina fulani, lenye kina, lililofunikwa, la kunasia mnyama au adui, na hulitenga shimo hilo na la shambani. Kazi hiyo ya kutenga hufanyika haraka mno hata mwenye kuifanya haioni, lakini ndiyo kazi halisi ya kuielewa sitiari. Kila kitu kinachoazimwa kina sifa nyingi, na usemi huazima chache tu na kuziacha nyingine. Sentensi yenyewe haisemi zipi. Zipi ni suala la maafikiano, na maafikiano hutofautiana kati ya pwani na milimani.

Kuna namna nyingine ya kuazima ambayo haitokani na hamu ya kupamba bali na uhaba wa majina. Kitu kipya kikitokea kabla ya jina lake, lugha hulivuta jina la kitu cha jirani, na hivyo Kiswahili kina jicho la sindano, mguu wa meza na mdomo wa mto, semi ambazo hakuna anayezihesabu kuwa za kishairi kwa sababu hakuna njia nyingine ya kusema. Kata ya Ruanda imesimama juu ya mfano mmojawapo. Makaa, kwa mtu wa kawaida, ni mti uliochomwa kwenye tanuri la udongo na kutiwa katika gunia. Mwamba mweusi unaoshika moto ulipohitaji jina, ukaitwa makaa ya mawe, na usemi huo ukachanganya vitu viwili ambavyo kwa akili ya mpishi havikutani, kwa kuwa jiwe jikoni ni figa, nalo husifiwa kwa kutoungua. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, uchimbaji ulipoanza katika eneo la Ngaka, malori yaliyosheheni makaa hayo yamekuwa yakishuka barabara za Mbinga kwenda viwanda vya saruji na, baadaye, bandari ya Mtwara. Kwa watoto waliozaliwa Ruanda baada ya hapo makaa ya mawe hayana ajabu yoyote, na haitashangaza iwapo wao wataona yale ya miti ndiyo yanayohitaji kuongezewa neno.

Mgeni naye huja na mizigo yake ya kufananishia. Pale Liuli kuna mwamba mkubwa unaochomoza majini ambao wenyeji huuita Pomonda. Wajerumani walipouona waliona sanamu ya Misri yenye kiwiliwili cha simba na kichwa cha mtu, wakaiita bandari nzima Sphinxhafen. Hiyo ni tashbihi iliyogeuzwa kuwa anwani, na inaeleza zaidi kuhusu vitabu walivyosoma walioitoa kuliko kuhusu mwamba. Bandari hiyo hiyo ilizaa pia mfano wa mubalagha, yaani kutia chumvi kwa makusudi ili jambo lionekane kubwa: Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Guendolen iliishambulia na kuilemaza meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, nayo habari ikatangazwa Uingereza kuwa ni ushindi wa majini, ingawa meli iliyoshindwa ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. David Livingstone, kwa upande wake, alipoyaona mawingu ya wadudu wa ziwani waitwao nkungu, ambao huinuka juu ya maji kwa mamilioni na kusimama kama nguzo, aliyafananisha na moshi wa nyasi zinazoungua maili kwa maili. Tashbihi yake ni sahihi kabisa kwa macho. Lakini watu wa kando ya ziwa hilo huwakamata wadudu hao, wakawaponda na kuwafanya mikate ya kuliwa, na kwa mlaji wa mkate huo mfananisho na moshi umeacha jambo la maana kuliko yote.

Tashihisi, yaani kukipa kitu kisicho mtu tabia za mtu, haihitaji maelezo marefu hapa, kwa kuwa kila jamii ya wavuvi inayo. Upepo wa mwera ukishika nguvu katikati ya mwaka, ziwa husemwa kuwa limechafuka au limekasirika, na mwenye busara huuacha mtumbwi wake mchangani. Kinachofaa kuangaliwa ni kwamba usemi huo ni wa kikazi, na mvuvi anayeusema hatafuti sifa ya ushairi.

Inabidi pia kutambua kwamba baadhi ya tamathali hazitokani na picha hata kidogo, bali na umbo la lugha, na katika hizo Kiswahili kina utajiri ambao walimu huutaja kwa nadra. Takriri ni urudiaji wa sauti, neno au muundo kwa makusudi ya kusisitiza, na kwa lugha nyingi mwenye kurudia analazimika kulirudia neno lile lile mpaka lichoshe. Mfumo wa ngeli humwondolea Mswahili tatizo hilo. Julius Nyerere alipolihutubia taifa Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuivamia Kagera, alitaja mambo matatu, yaani uwezo, sababu na nia ya kumpiga adui, na kila moja akalifuatishia kitenzi cha umiliki, nacho kikabadilika kila mara kwa kufuata ngeli: tunao, tunazo, tunayo. Sikio linapokea mapigo matatu yanayofanana pasipo kuwa mamoja, na ubadilikaji huo haukubuniwa na mhutubu, umo katika sarufi ya kila mtoto. Ustadi wake ulikuwa kuchagua nomino tatu za ngeli tofauti, au zilizochukua umoja na wingi tofauti, na kuzipanga hivi kwamba jambo la mwisho liwe nia, ambalo ndilo pekee lililokuwa mikononi mwa wasikilizaji wenyewe. Hotuba hiyo ilieleweka Mbinga siku ile ile kama ilivyoeleweka Dar es Salaam, na sababu mojawapo ni kwamba tamathali za umbo husafiri bila kuhitaji nazi wala jahazi.

Kwa upande mwingine kabisa iko kinaya, tamathali inayosafiri kwa shida kuliko zote. Kwa Kiarabu neno hilo lilikuwa na maana ya kudokeza jambo kwa kutaja lililo karibu nalo, lakini Kiswahili kimelitumia kwa usemi ambao maana yake iliyokusudiwa ni kinyume cha maneno yake. Aliyeamka jua limepanda akiambiwa "Leo umewahi", hakuna kitu katika sentensi hiyo kinachoonyesha dhihaka; ni jua ndilo linaloionyesha. Katika tamthiliya ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, ambayo tafsiri yake ya Kiswahili iliyofanywa na Nyerere ilitoka kwanza mwaka 1963, Antony huwasifu wauaji kwa neno la heshima na kulirudia mara kwa mara hadi umati wa Roma, ambao mwanzoni ulilipokea kama sifa, unaanza kulisikia kama tusi. Neno halikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni umati.

Mwambao wa Nyasa una kinaya isiyotumia maneno, nayo ni ngoma ya mganda. Ngoma hii ni ya ukoo wa beni, ambao mwanahistoria Terence Ranger aliutungia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1975, na ilienea pande zote za ziwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, askari na wapagazi waliporudi makwao. Wanaume hujipanga safu wakiwa wamevaa nadhifu, hupiga hatua za gwaride zilizopunguzwa mwendo, na hupuliza vibuyu ambavyo tundu lake limezibwa kwa utando wa buibui ili sauti itetemeke kama ya tarumbeta. Vikundi vyao vilijipa vyeo vya kijeshi na kiserikali, kuanzia mfalme hadi koplo. Wasomi wamebishana iwapo hiyo ilikuwa heshima kwa jeshi la mkoloni au dhihaka dhidi yake, kana kwamba ni lazima liwe moja. Inaelekea zaidi kwamba ngoma ilikuwa na watazamaji wa aina mbili, na kila upande uliona kilichouhusu: bwana shauri aliona raia waliojifunza nidhamu, na wanakijiji waliwaona jamaa zao wakiuvaa ukubwa wa mkoloni na kuuvua jioni hiyo hiyo. Kinaya iliyofanikiwa ndivyo ilivyo, kwamba anayelengwa hupiga makofi.

Tafsida, yaani kutumia usemi mpole badala ya mkali au wa aibu, nayo huhitaji jamii inayofahamiana. Wamatengo walikuwa na sengu, baraza la wanaume wa ukoo waliokula pamoja na, wakila, wakaamua magomvi, wakapanga kazi na kuwafunza vijana, na mahali pa namna hiyo kosa la mtu aliyeketi mbele ya sahani moja na mshtaki wake haliwezi kutajwa kwa ukali. Upole huo una upande wake wa pili, kwa kuwa usemi laini huweza kulifunika jambo badala ya kulisitiri. Mfano wa siku hizi ni neno "magoma", linalotumika Mbinga kwa biashara ambamo mkulima mwenye shida huiuza kahawa ingali mtini kwa bei ndogo na kulipwa kabla ya mavuno. Kagera, kunakolimwa pia kahawa, biashara hiyo huitwa butura. Maneno hayo mawili, kwa mtu asiye wa kwao, hayana kisa chochote. Kwa mwenyeji yamebeba deni, njaa ya miezi ya mvua na ada ya shule, na viongozi wanapoipiga marufuku biashara hiyo kwenye mikutano ya hadhara hulazimika kwanza kuitaja kwa jina hilo hilo linaloifunika.

Hadi hapa maafikiano yanayozungumzwa ni ya kujua: wote wawili wajue chombo, shimo, jua lilipofikia. Yako maafikiano ya pili, mazito zaidi, nayo ni ya kutosadiki. Anayesema "Juma ni simba" na anayesikia wamekubaliana kwamba Juma hana mkia. Maafikiano hayo yakikosekana, sitiari inakuwa taarifa, na Ruvuma inayo historia ya jinsi jambo hilo linavyoweza kugharimu.

Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, katika nchi ya Wamatumbi, aliwapa watu dawa ya maji ambayo ingewakinga na risasi za Wajerumani, na mnamo Septemba mwaka huo Omari Kinjala aliifikisha dawa hiyo Ungoni. Kauli kwamba risasi zitakuwa maji ina umbo lile lile la sitiari: kitu kimoja kinasemwa kuwa kingine. Mtahini akiiweka katika karatasi ya mtihani peke yake, mwanafunzi atajibu sitiari na kupewa alama. Lakini waliokwenda katika vita vya Majimaji wakiwa wamenyunyiziwa maji hayo hawakuafikiana na yeyote kwamba ni namna ya kusema tu, na mapema mwaka 1906 machifu na manduna wa Kingoni walinyongwa Songea, akiwemo Songea Mbano ambaye mji una jina lake, huku mbinu ya Wajerumani ya kuteketeza mashamba na maghala ikileta njaa iliyoua wengi kuliko risasi. Ebrahim Hussein, katika tamthiliya yake Kinjeketile ya mwaka 1969, alilishika swali hilo mahali penyewe: mhusika wake mkuu anagundua kwamba neno alilolitoa limemzidi nguvu, kwa kuwa lililowaunganisha watu ndilo linalowapeleka mautini, na hawezi kulitangua bila kuuvunja umoja wenyewe. Leo "Majimaji" ni jina la makumbusho, uwanja na timu ya mpira mjini Songea, na timu hiyo ina lakabu ya Wanalizombe, kutokana na lizombe, ngoma ya Wangoni. Lakabu ya namna hiyo huitwa metonimia, ambayo ni kukitaja kitu kwa jina la kingine kilichohusiana nacho, na mashabiki huitumia bila hatari yoyote.

Kisa cha pili ni cha karibu zaidi, na hakikumwaga damu. Mwaka 1962 Nyerere alitoa kijitabu chake kuhusu ujamaa, ambamo aliliazima neno la udugu wa nyumbani na kulitandaza juu ya taifa zima. Hiyo ilikuwa sitiari kwa maana kamili ya al-Jurjani, yaani mkopo, na swali la kilichokopwa lilikuwa wazi tangu mwanzo, kwa sababu familia ina mambo mengi ndani yake: ina ndugu wanaogawana chungu kimoja sawasawa, na ina pia baba anayeamua. Katika Litowa, wilayani Songea, na vijiji vilivyoungana nacho katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, wakulima walilichukua neno hilo kwa upande wa ndugu. Walilima shamba la pamoja, wakaendesha shule yao kwa namna yao, wakanunua mashine ya kusaga kwa fedha yao, na wakaamua mambo yao mikutanoni bila kusubiri ofisa wa wilaya. Rais mwenyewe aliwasifu. Viongozi wa ngazi za juu wa TANU, chama tawala cha wakati huo, walilichukua neno lile lile kwa upande wa baba, na kwa mtazamo wao watoto wanaojiamulia si familia bali ni utovu wa adabu. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho cha wakulima na kuamuru mali zake zichukuliwe.

Pande zote mbili zilisema ujamaa, zote kwa dhati, na hakuna sentensi hata moja katika kijitabu cha 1962 ambayo mtu angeweza kuinyooshea kidole na kusema kwamba hapa ndipo sitiari ilipovunjika. Miaka ya mwisho ya karne ya 20 na baada yake, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine walipofanya kazi na vijiji vya Umatengo, jina la sengu lilifufuliwa kwa ajili ya kamati za vijiji za maendeleo, kamati ambazo hazikuwa za ukoo mmoja wala hazikula sahani moja; nao wanakijiji, ambao kwa wakati huo walikuwa na uzoefu wa majina ya nyumbani yaliyopandishwa ofisini, walilipokea jina hilo na kuuliza papo hapo nani atakuwa na sauti ndani yake. Neno "ndugu" lenyewe limebaki katika barua na majukwaa ya chama tawala, likitangulia jina la kila kiongozi, na hakuna anayeandikiwa hivyo ambaye hutazamia kuitwa chunguni.